Shuka Miasenyi, uzifuate ngoma za mwaka mzima

WENGI wetu tupitapo barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi huijua Miasenyi kama jina lililoandikwa kando ya njia, basi. Abiria wameshasimama Mackinnon Road, wenye kuswali wameswali, na wenye kuombea safari salama wametia sadaka yao penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, yule Mhindi aliyekuja kujenga reli ya kwanza. Kutoka hapo dereva hukanyaga mafuta, na macho ya abiria huanza kuwatafuta ndovu wa Tsavo waliojigaagaza vumbini hadi wakawa na rangi ya matofali. Kabla hujamwona hata mmoja, Miasenyi imekwisha kupita na sasa mnakaribia Maungu.

Tangu mwaka 2017, hata hivyo, jina hili limepata heshima ya kuandikwa kwenye tikiti. Treni ya reli mpya inayosimama njiani husimama Mariakani, kisha Miasenyi, ndipo iingie Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Treni nyingine, ile ya haraka, hupita bila hata kupunguza mwendo. Anayeshuka Miasenyi ni mwenyeji anayerudi nyumbani, mwalimu, mfanyabiashara wa mbuzi. Mtalii hashuki. Atafuata nini?

Leo, msomaji mpendwa, nataka nikushawishi ukitazame kituo hiki kwa jicho lingine. Miasenyi iko mpakani mwa mambo mawili. Nyuma yake, upande wa Voi, kuna milima ya Wataita. Mbele yake, ukishavuka tu kuingia Kwale, ni nchi ya Waduruma, na baada ya hapo pwani yote imefunguka mbele yako. Mtu aliyekaa hapa anaweza kuteremka au kupanda, na popote aendako, ikiwa ameuchagua mwezi vizuri, atakuta watu wanasherehekea.

Watu wa Korea Kusini wametangulia sana katika jambo hili. Kule kila mji mdogo una sherehe yake na kila msimu una zake. Masika yao ni maua ya micheri huko Jinhae. Julai watu humiminika Boryeong kugaagaa katika tope la pwani, sherehe iliyoanzishwa mwaka 1998 ili kuyatangaza mafuta ya urembo yatengenezwayo kwa tope hilo. Januari, katika wilaya ya baridi iitwayo Hwacheon, maelfu kwa maelfu ya watu huketi juu ya mto ulioganda wakivua samaki kupitia matundu ya barafu. Lakini mwaka 2020 baridi haikuja kwa wakati, mvua ikanyesha badala ya theluji, na sherehe ya barafu ikabidi iahirishwe. Mji wa Gangneung nao una sherehe ya siku ya tano ya mwezi wa tano kwa hesabu ya mwezi wa angani, na matayarisho yake huanza wiki kadhaa kabla kwa kupika pombe ya mchele ya kutolea sadaka. Sherehe hii ilitangazwa na UNESCO kuwa kazi bora ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2005. Ilikuwapo kabla ya watalii, na wenyeji wa Gangneung wangeifanya hata kama mimi na wewe hatungekwenda.

Hicho ndicho kipimo ninachokupa. Unapopanga kutumia nauli yako na likizo ya watoto wako, jiulize: hii sherehe ingefanyika hata kama hakuna mgeni? Ikiwa jibu ni ndiyo, nenda, na uende ukijua kwamba wewe ni mgeni wa watu. Ikiwa jibu ni la, unaweza kwenda pia, lakini usilalamike ukikuta vibanda vya soda vingi kuliko ngoma.

Mwaka huanza Julai

Jambo la pili ni kujua kalenda. Huku kwetu zipo tatu na haziendi pamoja. Ipo ya ukutani, ambayo serikali na shule huifuata. Ipo ya Kiislamu, ifuatayo mwezi mwandamo, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kama 11. Halafu ipo ya mabaharia na wakulima wa zamani wa Uswahilini, inayohesabiwa kwa miongo, yaani siku kumi kumi, kuanzia siku ya Nairuzi. Miongo 36 na siku tano za nyongeza, mwaka umetimia. Kwa miongo hiyo wazee walijua siku ya kutweka tanga na siku ya kutia mbegu ardhini.

Nairuzi siku hizi huangukia Julai, na hapo ndipo penye sherehe ninayoiweka mbele ya zote: Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Kogwa ni kuoga. Watu wanauosha mwaka uliopita ili waingie katika mpya wakiwa safi. Wanaume hujigawa pande mbili na kupigana kwa vigogo vya migomba, si kwa mchezo wa kuigiza bali kwa nguvu, mpaka jasho na utomvu viwatiririke. Wanawake nao, wamevaa nguo zao bora, huimba wakiwazunguka, na nyimbo zao hazimwonei mtu haya. Aliyekuwa na kinyongo na jirani yake amekitoa. Kisha hujengwa kibanda cha makuti, watu huingia ndani, kikatiwa moto, nao hutoka mbio kabla hakijateketea. Wazee hutazama moshi unakoelekea ili wajue mwaka umebeba nini.

Kwa msafiri yapo mazuri zaidi. Huko Makunduchi huaminiwa kwamba nyumba isiyopata mgeni siku hiyo haina bahati. Kwa hiyo usishangae ukiitwa na mtu usiyemjua uje ule. Usikatae. Kukataa kwa adabu ya kimjini, eti hutaki kuwasumbua, ndiko kutawasumbua.

Safari yenyewe si fupi. Ukitoka Miasenyi unateremka Mombasa, unapanda basi la Tanga kupitia mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, ukifika Dar es Salaam unavuka kwa boti hadi Unguja. Chukua pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache kabatini. Mwenye uwezo atapanda ndege Mombasa na kufika Unguja kabla chai haijapoa.

Nisisahau kusema kwamba Siku ya Mwaka haikuwa ya Unguja peke yake. Hata pwani ya Kenya ilisherehekewa, na katika miji ya Lamu ilikuwa desturi kumzungusha ng'ombe mji mzima kabla ya kumchinja, ili mji ukingwe na maradhi na balaa.

Ukikosa Julai, Agosti ipo. Mwezi huo huko Malindi Wagiriama na Mijikenda wenzao humkumbuka Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewapinga Waingereza mwaka 1913 na 1914. Wapo wanaodhani alikuwa malkia. Hakuwa. Alikuwa mwanamke wa kawaida aliyejua kusema mbele ya watu, na inasimuliwa kwamba aliwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu, ambayo kwa asili ni ngoma ya msiba. Serikali ya kikoloni ilimkamata ikampeleka mbali magharibi mwa nchi, na Agosti 1914 ikaulipua kwa baruti uwanja wa kaya kuu ya Wagiriama. Kaya ni yale makao ya kale ya Mijikenda ndani ya msitu, na kadhaa kati yake ziliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Ukienda Malindi utaona gonda ya vijana na utasikia kayamba. Ukipelekwa kayani, vua viatu uambiwapo uvue, na kamera iache mfukoni mpaka mzee aseme. Huo ni msikiti na kanisa la wenyewe.

Mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba huwa ni Maonyesho ya Kilimo ya Mombasa, uwanja wa Mkomani. Nayataja kwa ajili ya watoto tu. Watapanda bembea, wataona ng'ombe wa maziwa aliyeoshwa kuliko wao, nawe utarudi na kalenda tatu za bure.

Mfungo sita

Sasa tufuate mwezi wa angani. Waswahili huhesabu miezi baada ya Ramadhani kwa kusema mfungo mosi, mfungo pili, na kuendelea. Mfungo sita ndio mwezi aliozaliwa Mtume Muhammad, na Lamu hauna mfano wake. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, ndio kitovu cha yote. Aliyeuanzisha ni Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija aliyefariki katika miaka ya 1930. Aliwafundisha dini watu ambao wakubwa wa mji hawakutaka kukaa nao mkeka mmoja, waliokuwa watumwa na watoto wao, na aliyaingiza matari katika usomaji wa maulidi. Wapo waliokasirika wakati huo. Leo wageni hutoka Visiwa vya Ngazija, Unguja, Tanga, Uganda na hata Uarabuni kuja kusikia matari hayo hayo.

Shamrashamra zenyewe huwa wiki ya mwisho ya mwezi. Mchana kuna mbio za punda katika barabara ya ufukweni, mashindano ya majahazi, bao na kuogelea. Wanaume waliovaa kanzu hupanga mstari na kucheza goma, bakora mkononi, polepole kwa heshima ya watu wazima, na kirumbizi cha fimbo huwavuta vijana. Usiku ni maulidi mpaka alfajiri. Siku ya mwisho watu huenda kwa maandamano hadi kwenye kaburi la Habib Swaleh kumzuru. Pilau hupikwa kwa masufuria ambayo mtu mmoja hawezi kuyainua.

Usiandike tarehe ya Lamu katika shajara yako kwa wino. Mwaka 2024 wiki hiyo iliangukia mwisho wa Septemba. Kufikia mwaka 2030 itakuwa imerudi hadi mwisho wa Julai, ikaribiane na Mwaka Kogwa, na wewe utalazimika kuchagua kati ya pilau ya Lamu na vigogo vya Makunduchi. Ulizia mapema, ulizia na hali ya usalama wa barabara, na vaa nguo za kusitiri. Wapo watu wanaochanganya Maulidi na ile Tamasha ya Utamaduni ya Lamu, ambayo kwa kawaida hufanywa Novemba. Ile ya Novemba ni ya miaka ya karibuni na ina punda na majahazi vilevile. Ni nzuri. Lakini Maulidi ni ibada, na tofauti utaiona usoni mwa watu.

Ngoma ya milimani

Novemba nakuomba ugeuke, uache kuteremka, upande. Wakati huo vuli imeanza, na kwa watu wa bonde hili la Tsavo vuli ndiyo mvua ya kutegemewa kuliko masika. Ile ardhi nyekundu ya Miasenyi uliyoidhani imekufa huvaa majani kwa muda wa wiki mbili tu. Chukua matatu Voi, pita Mwatate, upande kona zile hadi Wundanyi, ambako ukungu hushuka barabarani na unahitaji sweta. Desemba ni mwezi wa wana kurudi nyumbani kutoka Mombasa na Nairobi, na ndio wakati wa mahari, arusi na Krismasi. Ukibahatika kualikwa, utakula kimanga na utasikia mwazindika.

Mwazindika ndiyo ngoma ya Wataita inayojulikana kuliko zote. Ukiisikia arusini utadhani imetungwa kwa furaha, lakini kwa asili yake ni ngoma ya uganga. Watafiti waliokaa milimani humo miaka ya 1950 waliandika juu ya hali iitwayo saka, ambayo iliwapata hasa wanawake walioolewa. Mwanamke alitetemeka, akapotewa na fahamu, na pepo wake akadai vitu, mara nguo mpya, mara kitu kigeni cha dukani ambacho mume hakuwahi kukifikiria. Dawa ilikuwa ni kumpigia ngoma hadharani, watu wote wakiwapo, acheze mpaka atulie, na alichodai apewe. Ukiwaza sana utaona kwamba yule mwanamke alipata mahali pa kusema yale ambayo nyumbani asingeweza kuyasema, na mume hakuwa na budi kusikiliza kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kinatazama. Hili ni wazo langu, wazee wa Wundanyi wana ruhusa ya kunisahihisha.

Siku hizi mwazindika hupigwa kumpokea waziri. Hupigwa jukwaani siku za sikukuu za taifa, dakika tano, kisha mtangazaji hushukuru na kumwita anayefuata. La kusikitisha si kwamba ngoma imetoka kwa mganga, kwa maana kila ngoma ina safari yake. La kusikitisha ni kwamba mchezaji kijana anajua hatua zote za miguu na hajui ugonjwa uliotibiwa kwa hatua hizo. Basi ukiwa mgeni wa Wataita, usitosheke kupiga picha. Kaa karibu na bibi mmoja, umwamkue kwa heshima, umuulize alipokuwa msichana ilipigwa lini na kwa nani. Hapo ndipo nauli yako itakapolipika.

Sasa turudi Miasenyi yenyewe. Huenda siku moja mtu mwenye mradi atakuja na hema, aitangaze Tamasha ya Miasenyi ili treni isimame na watalii washuke. Watu wa Boryeong wamefanya hivyo kwa tope, na sisi vumbi tunalo. Siwezi kulipinga jambo hilo, kwa maana eneo hili ni kavu na fedha ni haba. Lakini wakianza na hema watakuwa wameanzia mwisho. Hapa huishi Wataita, Waduruma, Wakamba na wengineo, na wote wana jambo moja la kufurahia kwa pamoja: mavuno ya vuli, Januari na Februari, ikiwa yamenusurika ndovu. Kunde na pojo zinapokaribia kukomaa, wakulima wa kando ya Tsavo hukesha mashambani wakipiga madebe na kuwasha moto ili kuwafukuza wanyama. Familia inaweza kulima miezi mitatu na kupoteza shamba zima usiku mmoja. Anayeingiza gunia lake ndani baada ya hayo ana haki ya kupigiwa ngoma, na wala hahitaji mtalii wa kumpigia makofi.

Februari hiyo hiyo, wapenzi wa muziki huenda Unguja, ambako tangu mwaka 2004 kumekuwa na Sauti za Busara katika Ngome Kongwe. Hapo utasikia taarabu na muziki wa Afrika yote kwa usiku chache, na nakiri hakuna jukwaa linalonifurahisha kama lile. Lakini hii ni sherehe ya tikiti na wafadhili. Mwaka 2016 fedha hazikupatikana, ikaahirishwa mwaka mzima, ilhali Makunduchi, upande wa pili wa kisiwa kile kile, hawakuhitaji mfadhili kukata migomba yao.

Masika ikiingia, Machi hadi Mei, ngoma hunyamaza. Watu wako mashambani na barabara za milimani huteleza. Ukitaka safari ya Aprili, panda treni kuelekea bara, ushuke Kibwezi, uendelee mbele kwa matatu hadi Makindu. Lile hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926 na mafundi wa reli, humlisha kila msafiri bila kumuuliza dini wala senti. Sikukuu yao ya Vaisakhi huwa katikati ya mwezi huo.

Tikiti za treni hulipwa kwa simu. Ile inayotoka Nairobi asubuhi hufika Miasenyi baada ya adhuhuri ikiteremka Mombasa, kwa hiyo kama una boti ya kuwahi, afadhali ulale Mombasa. Wakati wa Krismasi na Pasaka nunua mapema, viti huisha.

Na kama mwaka huu huna nauli ya mbali, iko moja ya karibu ambayo haitajwi katika kitabu chochote cha watalii. Muhula wa pili shule za msingi na sekondari hushindana katika Tamasha za Muziki, zinazoanzia ngazi za chini hadi kitaifa mwezi Agosti. Mashindano haya yana historia inayofika mwaka 1927. Juni, ukiwa Voi au Maungu, ulizia ni shule gani itakayokuwa mwenyeji. Utakaa kwenye benchi chini ya mti, na watoto wa Kitaita watacheza mwazindika, wafuatwe na watoto wa Kiduruma kwa sengenya, miguu ikitifua vumbi lile lile jekundu. Pembeni atakuwapo mzee aliyeitwa na mwalimu kuwafundisha mapigo ya ngoma. Huyo ndiye wa kwenda kukaa naye.